Kushuka Nako Kunafundishwa: Kwa Wadogo Zetu Wanaoanza Kinga (Baiskeli) Hapa Goma

Wadogo zetu, kila Jumapili ni yaleyale. Saa kumi na mbili asubuhi mnatoka mjini kwa furaha, mnapanda kwa moyo wote, na ikifika saa nne tunawakuta kando ya barabara mmekalia makoro, yale mawe ya lava, tairi mkononi, mkishangaa mpira wa ndani umepasuka vipi na hakuna msumari. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaotafuta kinga ya mbio hapa mjini wameongezeka, na sisi tunafurahi kuliko ninyi. Ila mliwaona wanaume wakimaliza kilomita 267.5 mkatazama miguu yao tu. Mikono hamkuitazama. Kwa hiyo tunayaandika haya, ili angalau mkosee mapya.

1. Gia kwanza, maana nguvu bila gia inaharibu magoti. Kinga nyingi zinazotufikia ni za zamani: plato (gia ya mbele, kwenye pedali) ndogo ya meno 39, pinyo (gia ya gurudumu la nyuma) kubwa ya meno 25. Pigeni hesabu. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, gia hiyo inakupeleka karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 8, mwili na kinga vikiwa kilo 75 kwa pamoja, hapo unadaiwa zaidi ya wati 200 bila kupumzika. Anayeanza hana wati hizo za nusu saa nzima, basi miguu inashuka hadi mizunguko 40, kiuno kinayumba, na jioni goti linauma. Tafuteni plato ya 34 na pinyo ya 32 au 34. Kwa 34 na 34, mizunguko 70 inakupa karibu kilomita 9 kwa saa, mwendo ambao mtu anaweza kuushika huku akipumua vizuri.

Lakini msimwachie fundi abadilishe pinyo peke yake. Mkono mfupi wa gia ya nyuma, ule unaoongoza mnyororo, kwenye kinga nyingi za zamani unaishia meno 28 hivi. Ukifunga 34 juu yake, kigurudumu cha juu kinasugua pinyo, na mnyororo wa zamani unakuwa mfupi. Mkono mrefu na mnyororo mpya vinakwenda pamoja na pinyo kubwa. Kisha, kabla ya kutoka, inua gurudumu la nyuma, weka pinyo kubwa kabisa, na sukuma mkono wa gia kwa kidole kuelekea spoki. Mnyororo ukivuka pinyo, kaza skrubu yenye herufi L robo mzunguko, ujaribu tena. Asiyefanya hivyo mnyororo wake utaingia kwenye spoki palepale penye mlima mkali, maana ndipo anapoitafuta gia ya mwisho.

2. Breki. Hapa tutakaa.

Kosa ni hili: kushuka huku umeshikilia breki kidogokidogo, kutoka juu hadi chini, bila kuachia. Hatuwadharau tunapolisema. Sisi sote tumelifanya, na kwa muda mrefu, tukiamini kwamba ndio uangalifu wenyewe. Mkono ukitetemeka tuliulaumu ubaridi. Mpira ukipasuka tuliilaumu duka. Raba za breki zikiisha kwa mwezi mmoja tuliulaumu uchina wa raba. Hakuna aliyekuwa tayari kusema kwamba anaogopa mteremko, na kwa kuwa hatukulisema, hatukufundishana. Tunajuta, kwa sababu mifupa imevunjika kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano.

Sasa sikilizeni linavyotokea. Chukueni mteremko wa asilimia 6, mtu na kinga kilo 75, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mteremko unakusukuma kwa karibu wati 370. Upepo unazuia kama 100, tairi zinakula chache, na zinazobaki, karibu 240, zinaingia kwenye breki zikiwa joto tupu. Hiyo ni kama robo ya pasi ya umeme inayowaka juu ya rimu zako bila kuzimwa. Kwenye kilomita 50 kwa saa upepo wenyewe unazuia sehemu kubwa, na breki zinabaki na kazi ndogo. Mwendo wa katikati, ule mnaouona kuwa wa busara, ndio unaochoma rimu kuliko wote.

Rimu ikipata moto, vitu vitatu vinaharibika kwa wakati mmoja. Hewa inatanuka: tairi uliyoijaza hewa ya bari 6 asubuhi kwenye ubaridi inaweza kupita bari 7. Gundi ya kiraka inalainika, na kiraka kinaachia. Na utepe wa rimu, kama ni ule wa plastiki nyembamba, unakuwa laini, kisha mpira wa ndani unausukuma hadi kwenye matundu ya spoki na kupasukia humo. Ndiyo maana hamkuuona msumari. Kagua tundu la mpira wa ndani liko wapi: likiwa upande wa ndani, unaoelekea rimu, shtaki utepe au spoki, likiwa upande wa nje, tafuta jiwe au chupa, matundu mawili sambamba maana yake uligonga shimo na hewa ilikuwa ndogo. Wakati mwingine mpira unapasuka baada ya kusimama, maana upepo uliokuwa ukipoza rimu umekatika. Mnaojivunia breki za diski, nanyi hamjapona. Mafuta ya breki yakichemka, mkono wa breki unafika hadi usukani na kinga haisimami. Na diski ya moto usiimwagie maji, inaweza kupinda.

Dawa yake: shika usukani kule chini kwenye pembe, vidole viwili kwenye kila breki, makalio nyuma kidogo. Acha kinga ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka ambayo unaiona hadi mwisho, na inua kifua ili upepo ukuzuie. Kabla ya kona, kinga ikiwa bado imenyooka, funga breki zote mbili kwa nguvu sekunde mbili au tatu, ya mbele ikifanya kazi kubwa, kisha achia kabisa. Ndani ya kona hakuna breki: mguu wa nje chini, uzito juu yake, macho pale unapotokea. Ukilazimika kupunguza katikati ya kona, uliingia na mwendo mkubwa mno. Kosa lilikuwa nyuma, ukalirekebishe kwenye kona inayofuata. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, simama dakika kumi. Usiguse rimu kwa kidole. Sogeza mgongo wa kiganja karibu, joto utalisikia.

Mkitaka mwalimu, mtazameni mtu wa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo isiyo na pedali, anaposhuka kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, na viazi au makaa vinavyompita yeye kwa uzito. Breki yake ni kipande cha mpira anachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Hakikanyagi njia nzima. Anaangalia mbali, anaacha mti ukimbie pale pasipo na watu, anakanyaga mapema, anaachia. Mzigo ule ungemshinda kama angengoja kona imfikie. Mpisheni pia, tafadhali: hawezi kusimama ghafla kwa sababu yenu.

Mahali pazuri pa kujifunza, mpaka ukiwa wazi na karatasi zenu zikiwa sawa, ni lami ya upande wa pili, Rwanda, kutoka Rubavu kwenda Mukamira. Unapanda kutoka ziwani, kwenye mita 1,460, hadi juu ya mita 2,000, na kurudi ni mteremko mrefu wenye lami nzuri. Jifunze kwenye vipande vya mita mia tano tano, ukisimama kati yake. Beba gazeti: likiwekwa kifuani chini ya jezi, linazuia upepo wa kushuka. Kila mita 1,000 za kupanda joto linapungua nyuzi 6 hivi, na vidole vilivyoganda havifungi breki.

Mvua ikinyesha, mzunguko wa kwanza wa gurudumu unafuta maji tu, breki yenyewe inakuja baadaye. Anza mapema mara mbili.

3. Vumbi letu si vumbi la kawaida. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikaikata barabara ya Rutshuru, na makoro yake yanasagwa kila siku na malori. Unga huo ni mkali kama msasa. Ukichanganyika na maji na raba za breki, unakula rimu ya alumini. Baada ya kila safari ya mvua, toa raba, chokoa chembe kwa sindano, pangusa rimu kwa kitambaa. Rimu nyingi zina kijishimo au mfereji mdogo ubavuni. Ukifutika, rimu imekwisha, hata kama inang'aa. Ikikosa alama, pitisha kidole: ukisikia bonde, inunulie mrithi.

Tairi: milimita 28, na kwa mtu wa kilo 65 bari 4.8 mbele na 5.2 nyuma zinatosha. Kwenye makoro ambako lami imeisha, weka 32 kama fremu inaruhusu, bari 4. Jiwe la lava linachana ubavu wa tairi, na kiraka cha mpira wa ndani hakizuii mchaniko huo. Mpira utachungulia nje na kupasuka tena. Kata kipande cha tyubu tupu ya dawa ya meno, osha, weka ndani ya tairi pale palipochanika, kisha jaza hewa nusu na rudi nyumbani taratibu.

4. Mnyororo: tone moja kwa kila kiungo, ngoja, kisha futa hadi kitambaa kitoke kikavu, maana mafuta ya nje yanakamata unga wa makoro. Pima pini ya kwanza hadi ya 25: ukiwa mpya ni milimita 304.8, ukifika 307 ubadilishe kabla haujala pinyo.

5. Kula kabla ya njaa. Ndizi moja mbivu kila nusu saa, chupa ya maji kila saa, chumvi kidogo ndani.

6. Hili la mwisho halihusu kinga, ila limetunyima usingizi. Kwenye njia ya Sake mnapenda kupumzika kwenye mabonde madogo, penye kivuli na nyasi. Humo ndimo mazuku hukaa. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa yetu, haina rangi, na inajikusanya chini hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mtu aliyesimama anaweza asihisi kitu. Aliyelala au kuinama kuziba pancha anaivuta yote. Ukiona ndege au panya waliokufa kwenye shimo, usiingie hata kuwatazama. Pumzikeni juu, kwenye ukingo wa barabara, na pancha zizibwe mkiwa juu vilevile.

Jumapili ijayo, kabla ya kutoka, tutavua tairi moja ya kila mgeni. Mwenye utepe wa plastiki kwenye rimu aje na wa kitambaa mfukoni, tutambadilishia hapohapo. Asiyekuja nao atapanda nasi hadi mwisho wa tambarare, kisha atageuza.