Kabla hujaweka V8 kwenye Pijo (Peugeot) la babu: nguvu ya bei nafuu iko kwenye injini uliyonayo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pasua, Moshi, alinitumia ujumbe. "Shikamoo dada. Nimeona picha za Pijo lako, limenigusa sana. Mimi nina 504 ya marehemu babu, imelala miaka mingi. Nataka niiwekee V8 ya Crown, ile ya lita nne, iungurume kama Mustang. Fundi anasema milioni nane zinatosha kila kitu. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu, na najua wenye ndoto kama yako ni wengi. Sote tunaopenda magari ya zamani tunataka kitu kimoja: ukikanyaga mafuta, gari liitike. Mimi pia nilitaka hivyo, na sasa ninacho, bila V8, yaani injini ya silinda nane. Mwezi uliopita nilipandisha ule mlima wa Manyara kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, watu wanne ndani na mizigo kwenye buti, kwa gia ya tatu. Sindano ya joto haikusogea. Gari nililoambiwa nikaliuze kwa kilo.

Ngoja nieleze hilo la kilo, maana bado linaniuma.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa nyumbani Kibosho. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kikaenda kwa mdogo wetu wa mwisho wa kiume, kama ilivyo desturi. Sikulalamika. Ng'ombe wakagawanywa, vyombo vikagawanywa, likabaki Pijo chini ya migomba, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kaka yangu mmoja akasema mbele ya wazee wote: "Mpeni huyo lile chuma, atauza kwa kilo anunue kitenge." Watu wakacheka. Ni gari lililompeleka mama hospitali kujifungua watoto watatu, na huyo kaka akiwa mmoja wao. Nikalikodia Fuso, nikalileta Arusha, nikaliweka uani kwangu Njiro. Sikumjibu kaka. Jibu lake linaegeshwa mbele ya nyumba yake kila Krismasi.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka sitaitaja jina. Waliniita "mama" kwa adabu zote, wakala malipo ya awali, wakanizungusha. Siku nilipofika bila kupiga simu nikakuta kabureta ya Solex aliyoitunza baba haipo, wamefunga kabureta ya pikapu ya Toyota kwa bamba la kuchomelea. Wakanieleza kwamba za Pijo hazipatikani tena duniani. Zinapatikana. Nairobi, pale Grogan, utazipata, maana 504 ziliunganishwa Kenya miaka mingi na spea zake bado zinazunguka. Unamtuma mtu anayemwelewa muuzaji, kifurushi kinakuja kwa basi kupitia Namanga. Mwanamke akiingia gereji wanadhani hajui slivu, lile bomba la silinda, ni nini. Basi jifunze slivu ni nini kabla hujaingia, uwe mwanamke au mwanamume.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Unga Limited hapa Arusha, aliyeanza kushika Pijo tangu enzi za mbio za magari za Safari Rally. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na kwamba mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa 504. Injini iliyo kwenye gari la babu yako ni ya ukoo huohuo. Haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda sokoni Jumamosi.

Sasa sikiliza. Injini ya 504 ya petroli ya cc 1,971 ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi kama 93. Hiyo ni kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa, hupoteza takriban asilimia moja kila ukipanda mita 100, na Arusha tuko karibu mita 1,400. Kwa hiyo hata likiwa jipya, hapa mjini unaendesha farasi 80 hivi. Ninyi wa Moshi mko chini zaidi, mna nafuu kidogo. Ongeza miaka arobaini ya ringi za pistoni kuchoka, valvu kutoziba na taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga moto, kuhama. Gari unaloliona halina nguvu pengine linatoa farasi 50. Fundi anayekuambia utoe injini hajakuuliza hao wengine walikwenda wapi. Kabla ya kununua nguvu mpya, rudisha ile ambayo babu yako alishailipia.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza ni ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote nne, betri iwe imejaa, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata, andika namba. Rudia baada ya kutia kijiko cha oili katika kila silinda. Namba ikipanda sana baada ya oili, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Na usitishike fundi aliyesomea Dar akikuambia injini yenye afya lazima ifike psi 150. Huku juu hewa yenyewe ni nyepesi, 130 ni afya njema. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia kumi, tafuta sababu.

Ikiwa ringi ndizo zimekwisha, hapo ndipo utakapomshukuru Mfaransa. Injini hii haichongwi bloki. Ina slivu za kuchomeka, mabomba ya chuma yanayoingia kwenye bloki na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Unanunua seti moja: slivu nne, pistoni nne, ringi zake na pini zake, unatoa za zamani, unaingiza mpya, na silinda zako zinarudi milimita 88 kama siku ya kwanza. Mwenye Toyota au Datsun ya umri huo anapeleka bloki ikachongwe na kuomba Mungu pistoni za ovasaizi zipatikane. Wewe huna shida hiyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo vijana wengi wa gereji hawalijui, nalo limeua Pijo nyingi kuliko ajali. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikishatoka, usiruhusu mtu azungushe kranki, mhimili unaopandisha pistoni, kabla slivu hazijabanwa kwa bolti na washa kubwa. Pistoni ikipanda inainua slivu, sili ya chini inaachia, na siku ukiwasha gari maji yanaingia kwenye oili. Halafu utaambiwa bloki imepasuka. Simama pale. Chukua kigoda ukae ukiangalia. Na kabla hedi hairudi, kila slivu ipimwe imechomoza kiasi gani juu ya bloki, zote zilingane kama kitabu kinavyosema. Mzee wangu wa Unga Limited alipima kila slivu zaidi ya mara moja na kijana wake akamcheka. Injini haijanywa tone la maji mpaka leo.

Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda, kwa hiyo ipelekwe ikaguliwe na kusawazishwa, lakini wasikwangue zaidi ya inavyohitaji. Viti vya valvu ni vya kupachika, vinabadilishika. Wanaokutisha kwamba petroli isiyo na risasi itaua valvu za gari la zamani, waambie huku kwetu risasi iliondolewa kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa 2006, na Pijo bado zinatembea.

Baada ya hapo ni joto. Tafadhali, mdogo wangu, rudisha themostati. Najua imetolewa, karibu kila gari la zamani hapa Arusha limetolewa themostati na fundi aliyedhani anasaidia. Injini isiyofikia joto lake inakunywa mafuta, inakula ringi na haina nguvu. Gari linachemsha kwa sababu rejeta imeziba kutu, na dawa yake ni kuifungua rejeta isafishwe au iwekwe kori mpya, kisha utie kipozeo chenye dawa ya kutu, si maji ya bomba matupu.

Na feni! Hapa kuna nguvu ya karibu bure. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ina koili ya sumaku inayoishika maji yakipata moto na kuiachia yakipoa. Brashi yake ya kaboni ikiisha, mafundi huifunga moja kwa moja na skrubu, na tangu siku hiyo injini inabeba feni usiku na mchana, hata saa kumi na moja alfajiri pale Ngaramtoni wakati wewe mwenyewe umevaa koti. Brashi mpya na swichi ya joto inayofanya kazi, na gari linakuwa jepesi mguuni siku hiyohiyo.

Moto wa plagi nao usiufanyie ubahili. Mimi nilitoa pointi nikaweka kifaa cha kielektroniki kinachokaa ndani ya distributa ileile, ukifunika huoni tofauti. Pointi zinalika kidogokidogo na taimingi inahama nazo, hiki hakihami. Weka koili inayoendana nacho, waya mpya, plagi mpya. Kwa mwinuko wetu unaweza kuisogeza taimingi mbele digrii mbili hivi kuliko kitabu, maana hewa nyepesi haigongi upesi. Likianza kugonga ukipanda mlima, rudisha.

Kabureta: hewa ni pungufu, lakini jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, bado inamimina petroli kana kwamba uko Tanga. Matokeo ni moshi, plagi nyeusi na gari zito. Jeti kuu ndogo kwa namba moja inatosha kwa Arusha, na bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lakini kwanza angalia shafti ya kipepeo, kile kibamba kinachofungua hewa, kama inachezacheza, maana ikivuta hewa ya pembeni utabadili jeti mpaka uzeeke. Ekzosi ikunjiwe bomba pana kidogo, lisiwe na mikunjo mikali. Usitoe silensa ukidhani umeongeza nguvu. Kelele haipandishi mlima.

Mambo ya bodi, rangi na viti nayaruka, kila mtu na mfuko wake.

Sasa V8 yako. Sikukatazi kwa wivu. Ile injini ya Crown ni nzuri mno, inatoa zaidi ya farasi 250. Lakini je, fundi wako amekueleza kwamba propela shafti ya 504 iko ndani ya bomba gumu lililofungwa kwa bolti kutoka kwenye gia boksi mpaka kwenye difu? Huwezi kuingiza gia boksi ya Toyota mbele ukaacha nyuma kama ilivyo. Utaligusa bomba, utaigusa difu, utagusa ushikiliaji wa difu wenyewe, kisha breki zilizotengenezwa kwa farasi tisini, kisha rejeta, kisha mfumo mzima wa umeme. Milioni nane zitaishia nusu ya safari, na nimeona uani kwa watu magari yaliyoishia nusu ya safari. Yana nyasi. Na kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini lazima taarifa zibadilishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), vinginevyo siku ya ajali bima itakuuliza maswali usiyo na majibu.

Vijana, nawaomba kwa moyo wote, tuache kuona aibu na vitu vya wazee wetu mpaka tuvivishe moyo wa kitu kingine. Mtu aliyetunza kahawa miaka thelathini ili anunue Pijo alijua anachonunua. Tukirithi, turithi na kazi ya kukielewa. Mimi sikupewa kihamba, nilipewa injini, na nimeijua kila bolti yake. Wale waliocheka kwenye kikao wanaomba lifti sasa, na ninawapa, kwa sababu baba hakumnyima mtu lifti.

Kwa hiyo usilipe hata senti ya V8 mwezi huu. Azima geji ya kompresheni, Majengo hapo Moshi hutakosa fundi mwenye nayo, kisha nitumie namba zote nane, za kavu na za oili. Uziandike kuanzia upande wa flaiwili, maana kwenye Pijo silinda namba moja iko nyuma, si mbele kama kwenye Toyota. Fundi asipolijua hilo atakufungulia silinda nzima akaiacha mbovu. Nikishaziona nitakuambia kama ni slivu au ni valvu, na kama ni slivu nitakupa namba ya muuzaji wangu wa Grogan.