Shangazi, mume wangu ameng'ang'ania binti yetu aende chuo kisichojulikana

BARUA

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ndoa yangu ina miaka 22. Kifungua mimba wetu ni binti. Tangu akiwa mdogo hajawahi kutoka kwenye tatu bora, na mtihani wa mwisho amefaulu vizuri mno. Amekubaliwa chuo kikuu maarufu ambacho kila mtu anakijua, lakini bila msaada wowote wa ada. Amekubaliwa pia chuo kikuu binafsi, kidogo, ambacho hata mimi sikuwahi kukisikia, nacho kimempa ufadhili wa ada yote na malazi kwa miaka 4. Mume wangu ameng'ang'ania hicho kidogo na mama mkwe anamuunga mkono. Binti naye siku hizi anasema anakipenda, nadhani baba yake amemjaza maneno. Mtoto wa wifi yangu, ambaye hamfikii hata kidogo, yuko chuo chenye jina. Watu wakiniuliza nitawaambia nini? Mume wangu hajawahi kuwa na maono, ni mtu wa kuhesabu senti tu. Nimeanza mipango ya kuchukua mkopo kwa dhamana ya kiwanja kilichoandikwa jina langu, yeye hajui. Binti anataka kusomea uhandisi wa umeme. Nifanyeje ili kipaji chake kisipotee?

*Mama Mwenye Uchungu*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kulea mtoto akafika hapo, maana alama za namna hiyo haziji bila mzazi aliyekesha. Na ninaelewa inavyouma mtu akikuuliza binti anaenda wapi, ukitaja jina anakutazama tu. Pole kwa hilo. Sasa tuseme ukweli.

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Uhandisi wa umeme, kitu ambacho mtoto atakifanya maisha yake yote, umeutaja mwishoni kabisa. Mtoto wa wifi amefika kabla yake. Maswali ya watu yamefika kabla yake. Mumeo umempa sifa mbaya mbili, lakini hukuandika hata sababu moja anayoitoa. Mtu hang'ang'anii jambo mbele ya mke wa miaka 22 bila kusema kwa nini. Amesema, umesikia, na umeamua zisinifikie. Mama mkwe naye umemweka kama mtu wa kuitikia tu, ilhali kina mama wa umri wake mara nyingi wameshaona watoto wa watu wakirudishwa nyumbani katikati ya masomo kwa kukosa ada.

Halafu binti. Unasema ana akili ya kushinda kila mtihani, papo hapo unasema hana akili ya kujua anachokipenda, amejazwa maneno. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Ulimuuliza kwa nini anakipenda chuo kile, ukanyamaza mpaka akamaliza kujibu? Barua yako inaniambia hukumuuliza.

Kwa hayo uliyoniandikia, niko upande wa mumeo. Sisemi chuo kidogo ndicho bora, maana hujaniambia lolote juu yake zaidi ya kwamba hukuwahi kukisikia, na hiyo ni habari yako, si habari ya chuo. Niko upande wake kwa sababu katika barua nzima yeye peke yake ndiye aliyepiga hesabu. Mnao watoto watatu. Wawili umewataja kwenye mstari wa pili na hawakuonekana tena. Baba anayejua kwamba nyuma ya kifungua mimba kuna wawili wanaosubiri ada zao, huyo ana maono.

Tuje kwenye jina, maana ndilo linalokunyima usingizi. Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya wanafunzi walioanza chuo mwaka 1976. Waliwachukua vijana waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kinachofanana, wakawalinganisha wale waliokwenda kwenye vyuo vinavyochagua sana, yaani vinavyokubali wachache tu kati ya wanaoomba, na wale waliokwenda kwingine. Miaka mingi baadaye, kwa walio wengi, vipato havikuachana kwa kiasi cha maana. Kijana mwenye uwezo na bidii alikuwa amekwenda navyo huko alikokwenda. Ila waligundua pia kwamba watoto wa familia zenye kipato cha chini walinufaika kweli kwa kusoma vyuo vinavyochagua sana. Ninakupa pande zote mbili kwa sababu upande wa pili ungeweza kukusaidia. Kama nyumbani kwenu hakuna mtu anayejua milango ya fani hiyo, chuo kikubwa chenye wahitimu kila mahali kinaweza kumfungulia mtoto njia ambazo ninyi hamna. Hiyo ni hoja nzito. Ungeniletea hiyo ningekaa nikaipima na wewe. Umeniletea wifi.

Na orodha za vyuo bora usizitegemee sana. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, alihoji hadharani takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimepeleka kwa US News, chombo cha habari cha Marekani kinachotunga orodha hizo. Orodha iliyofuata ilikishusha Columbia kutoka nafasi ya pili hadi ya 18. Walimu walikuwa wale wale, vitabu vile vile, na mwanafunzi aliyekuwa darasani hakupoteza kitu. Jina hupanda na kushuka kwa mambo ambayo hayamgusi mtoto wako.

Tena kuna mfano unaomfanana binti yako. Patrick Awuah, kijana wa Ghana, alipata ufadhili wa kusoma Swarthmore, chuo binafsi kidogo cha Marekani ambacho ukikitaja sokoni hakuna atakayegeuka. Alisoma uhandisi na uchumi, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi kwao akaanzisha chuo chake, Ashesi, mwaka 2002. Kilianza na wanafunzi 30 katika majengo ya kukodi. Leo Ashesi kinaheshimika Afrika nzima, lakini wazazi wa wale 30 wa mwanzo walipeleka watoto mahali ambapo hapakuwa na jina la kujivunia hata kidogo.

Hapo nimemtetea mumeo. Sasa na yeye anisikilize, kwa sababu ada ya bure nayo imeshapofusha wazazi wengi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo ulivyofikiri uliposikia chuo kinatoa ada yote. Si lazima iwe hivyo. Vyuo binafsi vidogo hutafuta wanafunzi wenye alama za juu na kuwalipia, kwa sababu wanafunzi hao huinua kiwango cha darasa na sifa ya chuo. Ni biashara halali na binti yako ana thamani ndani yake. Lakini barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari, na mumeo aisome kwa sauti mkiwa wote. Ni ada yote, au ni kiasi kilichotajwa ambacho hakitapanda ada ikipanda? Anatakiwa kushika wastani gani wa alama, na akishuka muhula mmoja anapewa nafasi ya kujirekebisha au anakatwa hapo hapo? Uhandisi una hisabati na fizikia nzito mwaka wa kwanza, na watoto waliozoea kuongoza darasa huko ndiko hupata alama ambazo hawajawahi kuziona. Wastani ambao kwa fani nyingine ni wa kawaida, kwa mwanafunzi wa uhandisi unaweza kuwa mlima. Waulizeni chuo wazi: waliopewa ufadhili huu miaka ya nyuma, wangapi walimaliza nao?

Jambo la pili ni ithibati, na hapa watu wengi huteleza. Chuo kutambuliwa na serikali ni jambo moja, programu ya uhandisi kutambuliwa na bodi ya wahandisi ni jambo lingine. Mtoto anaweza kumaliza miaka 4 kwenye chuo halali kabisa, akafika bodi akaambiwa shahada yake haimruhusu kusajiliwa. Ipo mifumo ambayo programu mpya haipati ithibati mpaka iwe imetoa wahitimu, kwa hiyo wa mwanzo huingia kwa imani tu. Msitosheke na maneno ya ofisi ya udahili. Nendeni kwenye bodi yenyewe, muone jina la programu kwenye orodha yake. Na kama binti ana ndoto ya kufanya kazi nje, ulizeni kama nchi inayotoa ithibati hiyo imo kwenye Washington Accord, makubaliano ya mwaka 1989 ambayo kwayo vyombo vya nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi.

Tatu, uhai wa chuo. Mount Ida, chuo binafsi karibu na Boston kilichokuwapo tangu mwaka 1899, kilitangaza Aprili 2018 kwamba kinafunga, na muhula ule ukawa wa mwisho. Wanafunzi walibaki wakitafuta pa kwenda. Umri wa chuo peke yake si kinga. Ulizeni wanafunzi wanapungua au wanaongezeka, wahadhiri wanalipwa kwa wakati au la, na idara ya umeme ina wahadhiri wangapi wa kudumu. Kwenye idara ya watu wachache, mmoja akiondoka kozi za mwaka wa tatu na wa nne zinakosa mwalimu, na mtoto anasubiri mwaka mzima kozi moja ili amalize.

Kisha nendeni mkaone. Msiende siku ya maonyesho wanapofagia na kupanga viti, nendeni siku ya kazi, asubuhi, muombe kuingia maabara ya umeme. Tazama meza. Osiloskopu, zile mashine zinazoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, zipo ngapi na wanafunzi wangapi wamezizunguka? Nyaya zake zimechakaa kwa kushikwashikwa, au mashine bado ina karatasi ya plastiki ya kiwandani kwenye kioo? Mashine mpya isiyoguswa isikufurahishe. Fungua daftari la kusaini matumizi ya maabara, tazama saini ya mwisho ni ya lini. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umwambie akuonyeshe kitu alichokiunda kwa mikono yake. Akikupeleka mbio mbio kwenye kabati na kuanza kueleza mpaka ushindwe kufuata, chuo kina uhai. Akianza kukuhadithia kozi alizofaulu, uliza mwingine.

Kwa mtoto mwenye uwezo kama wako kuna swali moja zaidi, nalo kwangu ni zito kuliko jina. Atakuwa na nani? Kwenye chuo kidogo mhadhiri humjua kwa jina, anaweza kumwingiza kwenye utafiti mapema, na siku ya barua ya mapendekezo ataandika juu ya mtu anayemfahamu. Hilo kwenye ukumbi wa mamia ya wanafunzi hulipati kirahisi. Lakini anaweza pia kujikuta yuko mbele ya kila mtu bila wa kumkimbiza, akalala. Kwa hiyo muulizeni mkuu wa idara, mbele ya binti: mwanafunzi wenu bora wa mwaka jana yuko wapi leo? Chuo kinachojali wanafunzi wake kitakuwa na jibu la mtu halisi na kazi halisi.

Sasa kiwanja. Hapa sitakubembeleza. Ulichokianza ni kibaya na ukisimamishe leo. Kiwanja kina jina lako, lakini deni halitaujua mpaka wa jina. Litakula pesa ya chakula na ada za wale wawili kwa miaka, mumeo atajua siku benki itakapopiga simu, na binti atajua kwamba nyumba ya wazazi wake imepasuka kwa ajili yake. Unataka asome mizunguko ya umeme akiwa na mzigo huo kichwani?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha katika jambo hili. Mke ana akiba yake, mume ana mikopo yake, kila mmoja simu yake ina nywila, na mtoto akifaulu kila mzazi anamvutia upande wake apate cha kusema kwa ndugu zake. Mnalala kitanda kimoja mna serikali mbili. Zamani wazee walikosea mengi, lakini shule ya mtoto ilikuwa shauri la kikao, na anayekopa alikopa mbele ya macho ya mwenzake. Mtoto si kombe la kuonyeshana na mawifi. Wewe umesema mumeo hana maono. Mimi ninaona mwanamume aliyefikiri, akashauriana na mama yake, akazungumza na binti yake, na aliyeachwa nje ya mazungumzo ni wewe. Inawezekana yeye alikutenga, hilo ni kosa lake. Inawezekana pia kwamba kila alipofungua mdomo ulimletea mtoto wa wifi.

Nenda kwake kabla wiki haijaisha, mwambie habari ya mkopo wewe mwenyewe. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha kaeni watatu, binti aongee wa kwanza, na wewe usimkate. Tazameni tarehe za mwisho za kuthibitisha nafasi kwenye vyuo vyote viwili, maana wazazi wakigombana tarehe haziwasubiri. Panga siku ya kwenda maabara.

Na kuna mlango ambao hakuna kati yenu aliyeugusa. Chuo kikubwa kimemkubali bila msaada, lakini kunyimwa mara ya kwanza si lazima kuwe mwisho. Vipo vyuo vinavyopitia upya maombi ya msaada mwanafunzi akionyesha kipato cha nyumbani na kuambatisha ufadhili aliopewa kwingine. Iandikwe barua fupi ya heshima kwenda ofisi ya fedha ya wanafunzi, iseme angependa kuja na aeleze pengo lililopo. Wakikataa, mtakuwa mmejua. Wakiongeza, mtapima upya mkiwa na namba mkononi. Barua hiyo aiandike binti mwenyewe, wewe na baba yake msome tu kabla haijatumwa.