Nina mimba, nimepata kazi ya mshahara mkubwa: niache likizo ya miezi sita?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Nina mimba ya miezi minne, naishi Dar es Salaam. Ninapofanya kazi sasa wanatoa likizo ya uzazi ya miezi sita kwa mshahara kamili. Nimeitwa mahali pengine, mshahara karibu mara mbili, ila likizo yao ni ile ya kisheria tu. Wanataka nianze mwezi ujao na hawajui kuwa ni mjamzito. Mume wangu anasema niende, tumalizie nyumba. Shoga yangu anasema nibaki, nile hiyo miezi sita, halafu niache kazi. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu mwongozo, siku tatu, sijaota chochote. Nikibaki kwa sababu ya likizo, nitakuwa nimemdhulumu mwajiri?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, binti yangu. Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama.

Hizo ndoto usizisubiri. Katika hadithi ya Jabir iliyomo kwa Bukhari, Mtume (s.a.w.) alifundisha rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuwepesishie lenye kheri na akuepushie lenye shari. Kuota hakukutajwa. Ukishaomba, unafanya hesabu zako, unauliza wajuzi, unashika njia.

Na hesabu yenyewe sidhani kama umeifanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo ya malipo. Wewe ukianza mwezi ujao, siku ya kujifungua utakuwa na miezi minne tu kwa mwajiri mpya. Kwa hiyo unayopima si miezi sita na siku 84. Unapima miezi sita na huruma ya bosi usiyemjua. Mumeo alipopigia hesabu bati na saruji, je, hili mlilizungumza?

Kuhusu dhuluma, ondoa wasiwasi. Likizo uliyoahidiwa ni sehemu ya ujira wako, sawa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hao waliokubali kuitoa walikubali kwa hiari yao, na Waislamu, kama ilivyopokewa, hushikamana na masharti yao. Kubaki kwa ajili ya likizo ni halali kama ilivyo halali kubaki kwa ajili ya bima ya afya au kwa kuwa ofisi iko karibu na nyumbani.

Ushauri wa shoga yako ndio unahitaji macho. Fungua mkataba usome. Waajiri wengi wanaotoa zaidi ya kiwango cha sheria huweka sharti la kurudi kazini kwa muda fulani, au kurejesha fedha. Sharti hilo likiwepo, linakufunga: “Enyi mlioamini, tekelezeni mikataba” (Qurani 5:1). Lisipokuwepo, una haki ya kuacha kazi kwa kutoa notisi kama mtu mwingine yeyote. Lililo haramu ni kumwambia msimamizi wako “nitarudi” hali moyoni umeshaondoka. Kuahidi ukiwa umeazimia kuvunja ni katika alama za mnafiki.

Na hao wapya? Sheria inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ujauzito, kwa hiyo kunyamaza kwenye usaili sihesabu kuwa ni ghushi. Wakikuuliza, usiseme uongo. Ila kabla ya kusaini, mimi ningewaambia. Wanapanga kazi wakikutegemea, na baada ya miezi minne hutakuwepo.

Sasa mtoto. Umar bin Khattab (r.a.), khalifa wa pili, alikuwa akitoa posho ya hazina kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa tu. Usiku mmoja, akilinda msafara wa wafanyabiashara waliofika Madina, alisikia kichanga kikilia bila kunyamaza. Mama yake, asijue anazungumza na nani, akasema anamwachisha kabla ya wakati kwa sababu Umar hampi posho anayenyonya. Alfajiri Umar aliswalisha akilia hadi watu hawakusikia vizuri kisomo chake, kisha akaamuru kila mtoto aandikiwe posho tangu anapozaliwa. Aliona kuwa utaratibu wake wa fedha ndio uliokuwa ukiwanyima watoto maziwa.

Aya ya 2:233 inataja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na hata kuachisha imefungamanisha na ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Kwa hiyo mumeo ana neno katika hili. Katika mshahara wako hana amri: ni mali yako, na nyumba ni jukumu lake, ukichangia ni ihsani. Mwenzako huyo sheria inampa siku tatu tu za likizo mtoto akizaliwa, kwa hiyo anayebaki na kichanga saa nane za usiku tunamjua.

Mimi naona ubaki. Waandikie hao wapya kwa adabu, uwaulize kama wanaweza kukupokea baada ya uzazi. Na kwa mwajiri wako usichelewe: taarifa hutolewa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Nawe umebakiwa na mitano.

Wallahu aalam.