Konekta ya N ya kukereza mwenyewe: 2.3 ni uwiano wa hewa, si wa tefloni

Kaka, nimelisoma swali lako na picha nimezikuza mpaka nimeona alama za kisu cha mashine. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana sanduku juu ya paa la ghorofa huko Roysambu lenye redio mbili. Moja ni LoRa (redio ya kupeleka data kidogo umbali mrefu) ya megahezi 868 inayosoma viwango vya maji kwenye matangi, nyingine ni Wi-Fi ya gigahezi 5.8 inayopeleka data jengo la ng'ambo ya barabara. Konekta alizonunua zilivuja maji, akaamua kubuni zake za aina ya N, zile kubwa za kufungia kebo ya antena: tundu la milimita 7, pini ya milimita 3, tefloni katikati, mwili wa brasi, kazi ya kukereza ikafanywa na fundi wa Kariobangi Light Industries. Kebo ni RG-58, ile nyembamba ya antena, mita 5. Kwenye 868 mambo ni shwari. Kwenye 5.8 mawimbi yameshuka desibeli 11 ukilinganisha na antena ikifungwa moja kwa moja kwenye redio. Anauliza kama fundi alimharibia kazi.

Fundi hana hatia. Alikupa vipimo ulivyoagiza, tena kwa usafi. Tatizo liko kwenye mchoro.

Impidansi (ukinzani ambao wimbi linakutana nao njiani, kwa omu) ya kitu chochote cha koaksia, yaani pini ndani ya bomba, iwe kebo au konekta, inaamuliwa na mambo mawili: kipenyo cha tundu kikigawanywa kwa kipenyo cha pini, na kihami kinachojaza nafasi iliyo katikati. Chukua 60, gawanya kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha kihami (hewa ni 1, tefloni ni takriban 2.1), kisha zidisha kwa logi asilia ya ule uwiano. Wewe una 7 kwa 3, yaani 2.33. Ndani ya hewa unapata omu 50 na ushei, safi kabisa, maana redio na kebo yako ni za omu 50 na panapotofautiana sehemu ya wimbi inarudi nyuma. Ukishajaza tefloni, hesabu hiyo hiyo inakupa omu 35.

Najua ulikozitoa namba hizo. Uso wa kuungana wa N una milimita 7.00 kwa 3.04, na ndivyo ulivyo tangu Paul Neill wa Bell Labs alipoibuni miaka ya 1940. Lakini pale mbele, konekta mbili zinapokutana, kilichomo ni hewa. Nyuma yake, pini inaposhikiliwa na tefloni, vipimo lazima vibadilike. Ukibaki na tundu la milimita 7, pini inatakiwa ishuke hadi karibu 2.1. Ukitaka pini ibaki 3, tundu lipanuke hadi karibu 10.

Sasa kwa nini 868 haikulalamika? Urefu. Kipande chako cha tefloni kina milimita 10. Kwenye megahezi 868, wimbi likiwa ndani ya tefloni lina urefu wa karibu sentimita 24, kwa hiyo kipande hicho cha omu 35 ni kifupi mno, wimbi linakipita bila kukijali. Nimepiga hesabu: nguvu inayorudi nyuma haifiki hata asilimia 1. Kwenye gigahezi 5.8 wimbi limefupika hadi milimita 36 hivi, na milimita 10 zako zimekuwa zaidi kidogo ya robo ya wimbi, pale pabaya kabisa. Hapo inarudi karibu asilimia 11. NanoVNA ya kwanza, kile kimashine cha kupima mawimbi yanayorudi, kama hiyo uliyonayo kwenye picha, inaishia megahezi 900. Ndiyo maana ilikuonyesha mstari mzuri ukalala usingizi.

Lakini ngoja. Asilimia 11 ikirudi, unapoteza nusu desibeli tu. Una konekta mbili, moja kila ncha ya kebo, na zikiangukiana vibaya hasara inaweza kufika desibeli 2. Umesema umepoteza 11. Tisa zimeenda wapi?

Angalia kebo. RG-58 kwenye 5.8 inakula takriban desibeli 1.7 kwa kila mita. Mita 5, desibeli 8.5. Jumlisha na 1 hivi ya konekta (kebo inayokula hivyo haiziachi zifike zile 2), unakaribia namba yako pasipo kumsingizia mtu. Konekta yako ina kasoro, ndiyo, ila umekuwa ukifukuzana na mbu huku fisi yuko zizini. Kwenye 868 kebo hiyo hiyo inakula nusu desibeli na kidogo kwa mita, na LoRa, ambayo husikia hata chini ya kiwango cha kelele, haiwezi kugundua.

Kwa hiyo kwa upande wa 5.8 ushauri wangu hauhusu konekta. Panda na redio juu, ifungwe mgongoni mwa antena, ushushe waya wa mtandao wenye umeme ndani yake. Redio nyingi za nje siku hizi zinakuja zimeungana na antena tayari, na waliozibuni hawakuwa wajinga. Ukilazimika kubaki na kebo, tafuta ya kundi la LMR-400, inayopoteza karibu desibeli 0.35 kwa mita kwenye masafa hayo. Ni nene na haikunjiki kirahisi, lakini mita 5 zitakugharimu chini ya desibeli 2.

Mdau mmoja hapo juu alipendekeza kebo ya dishi, RG-6, watu wakamcheka kwa sababu ni ya omu 75. Msimcheke. Omu 75 kwenye mfumo wa 50 inarudisha asilimia 4 kila ncha, chini ya desibeli 0.2. Kwa LoRa ya 868, RG-6 inapoteza nusu ya kile RG-58 inachopoteza, au hata chini ya hapo, na kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, imejaa tele. Tatizo lake ni kupata konekta inayoingiana nayo vizuri, si zile omu.

Sasa turudi kwenye kubuni, maana najua hutaacha, na sitaki uache.

Jambo la kwanza: usibuni uso wa kuungana. Nunua. Uso wa N, au wa konekta ndogo za SMA na TNC, umeshaamuliwa kwa viwango, na sehemu ngumu zaidi ni ile usiyoiona kwenye picha: vidole vya pini jike. Vidole hivyo hutengenezwa kwa shaba yenye beriliamu, hupasuliwa, hubanwa kidogo, kisha huokwa kwenye nyuzi kama 315 kwa saa kadhaa ili vipate unyumbufu wa springi. Ukivikereza kwa brasi ya kawaida vitashika mara chache za mwanzo, halafu vitafunguka na kubaki hivyo. Pini itaingia, utahisi imekaa, kumbe inagusa upande mmoja. Kosa la aina hiyo huja na kwenda na joto la mchana, na ni gumu kulisaka kuliko maelezo. Kwa hiyo nunua konekta nzuri ya kufunga kwenye ukuta wa sanduku, na wewe ubuni kilicho nyuma yake: mwili unaopita kwenye ukuta, muhuri wa maji, na mpito kuelekea kebo au ubao wa saketi. Hapo ndipo kuna kazi ya kweli, na fundi wa Kariobangi anaiweza vizuri sana.

Kwenye mpito huo, weka macho kwenye pini kuliko tundu. Kwa tundu la milimita 7, kosa la sehemu ya kumi ya milimita linakuhamisha omu 0.6. Kosa hilo hilo kwenye pini ya 2.1 linakuhamisha omu 2. Mwambie fundi apime pini kwa maikromita, si kwa kalipa, na umlipe kwa muda huo, maana anaacha kazi ya bushi za matatu ili akupimie wewe kitu chembamba kama kijiti cha kiberiti.

Tefloni nayo ina tabia zake. Inatanuka kwa joto mara kadhaa kuliko brasi, na ukiibana muda mrefu inatiririka polepole kama haitaki. Mwanya mdogo wa hewa kati ya pini na tefloni unaharibu kuliko mwanya ule ule kati ya tefloni na mwili, kwa sababu uga wa umeme una nguvu zaidi karibu na pini. Kwa hiyo tundu la tefloni lifanywe dogo kuliko pini kidogo, pini iingie kwa kusukumwa. Na uipe pini mikwaruzo au bega la kuizuia isisogee mbele wala nyuma. Pini iliyosogea mbele hata robo milimita inaweza kuvunja vidole vya konekta ya upande wa pili, na hiyo mara nyingi ni ile ya bei ghali.

Pale pini inapotoka milimita 3 kwenda 2.1, kona hiyo ni kapasita ndogo. Kwenye 868 isahau. Kwenye 5.8 usiweke bega la pini na uso wa tefloni mstari mmoja. Rudisha tefloni nyuma ya bega kwa sehemu za kumi za milimita, upate kipande kifupi chembamba chenye hewa. Kipande hicho kina indaktansi, nayo inaifuta ile kapasitansi. Kiasi chake kamili kitoke kwenye programu ya kuiga mawimbi au kwenye kupima, si kichwani.

Ukija kwenye ubao wa saketi wa kawaida (FR4) wa milimita 1.6, njia ya omu 50 ina upana wa karibu milimita 3, lakini pedi ya kulehemu pini kwa kawaida huwa pana zaidi na inakuwa kapasita juu ya ardhi, yaani tabaka la shaba lililo chini yake. Kata shaba ya ardhi chini ya pedi hiyo tu, halafu zungushia matundu ya ardhi karibu karibu.

Upimaji: unganisha konekta mbili mgongo kwa mgongo, funga mzigo wa omu 50 upande wa pili, tazama kinachorudi katika masafa yote. Ukiona shimo refu zuri kwenye 5.8 usishangilie. Konekta mbili mbovu zinaweza kufutana kwenye masafa fulani na kuonekana malaika. Ongeza kipande kifupi cha kebo katikati, shimo likihama ujue ulikuwa unadanganywa.

Kuhusu kuvuja, ambako ndiko ulikoanzia: sanduku lililochomwa na jua mchana kutwa likipigwa na mvua ya saa kumi jioni, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia upenyo wowote. Maji hayaishii kwenye konekta. Yanapanda kwenye wavu wa kebo kama utambi wa taa, na yakishaingia, konekta mpya haisaidii. Kata kebo sentimita 30, chuna ganda. Wavu ukiwa mweusi au wa kijani, endelea kukata mpaka ufike shaba inayong'aa. Nimewahi kukata mpaka kebo ikabaki fupi isiyofika popote, ikabidi ivutwe nyingine.

N nzuri ina pete ya mpira ndani ya nati. Nyingi za bei ya chini hazina, chungulia kabla hujalipa. Ukishakaza, zungusha utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu, kisha utepe mweusi wa kawaida juu yake kwa ajili ya jua. Usipake silikoni inayonuka siki, asidi yake inakula shaba. Na kebo ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia sandukuni, maji yadondokee hapo.

Ukienda Luthuli, beba sumaku. Mwili wa brasi hauvutwi, ukizidisha ni kidogo tu kwa sababu ya nikeli iliyopakwa juu. Sumaku ikinasa kwa nguvu hicho ni chuma, na kitaota kutu juu ya paa. Omba pia kugusisha ncha ya soldagani kwenye kihami cha moja utakayoinunua. Tefloni inayeyuka kwenye nyuzi karibu 327, itavumilia. Poliethilini inalainika karibu na nyuzi 110, itakuwa uji pale pale, na ndivyo itakavyokuwa ukianza kulehemu pini. Muuzaji akikataa, una jibu lako.

Na kama unachukua antena ya Wi-Fi ya SMA, angalia katikati kabla ya kuondoka. Nyingi ni za kinyume, zenye tundu mahali pa pini. Zinafungana na SMA ya kawaida bila shida, nati inakaza mpaka mwisho, na katikati hakuna kinachogusana. Vilevile usichanganye N ya omu 75 na ya 50: pini ya 50 ni nene na itapasua vidole vya ya 75.

Anza na redio ya 5.8, ipandishe juu. Kisha kereza upya pini ya 2.1 na uweke hapa mchoro wenye vipimo vyote, ikiwemo urefu wa tefloni na mahali bega lilipo. Nikiwa karibu na mashine inayofika gigahezi 6 nitakupimia.