Altrasaundi kusema "hakuna ufa": kwanza muulize fundi alitumia probu ipi

Mkuu, umesema fundi amepima boriti ya kreni yenu kwa altrasaundi akatoa jibu kwamba ni nzima, ilhali rangi nyekundu ya kupulizia, ile inayopenya kwenye ufa uliofunguka juu, inachora mstari pembeni mwa weldi. Mimi naiamini rangi. Yeye muulize alitumia probu (kile kichwa kinachotuma sauti na kupokea mwangwi) ya wima, inayoshusha sauti moja kwa moja, au ya pembe, inayoituma kimshazari.

Nauliza hivyo kwa sababu niliwahi kuaibika hapa hapa Tanga. Tulikuwa tunakagua tishari kuukuu, bamba la milimita 12. Nikakwangua kutu kwa brashi ya waya, nikapaka girisi ili sauti iingie kwenye chuma (jeli kwa jua lile inakauka upesi), nikaweka probu ya wima. Kwenye skrini mwangwi mmoja tu, wa upande wa pili wa bamba. Nikamwambia bosi chuma kizima.

Mzee tuliyekuwa naye hakunibishia. Akachomeka probu ya digrii 60, akairudisha nyuma kutoka kwenye weldi taratibu, huku akiipinda kidogo kushoto na kulia. Ilipofika kama milimita 21 kutoka kwenye mshono, mwangwi ukachomoza, ukapanda, ukafa, ukapanda tena. Ufa ulikuwa umesimama wima ukianzia chini. Sauti ya probu yangu ilikuwa inashuka sambamba nao. Shika wembe uutazame kwa upande wa makali, utaona uzi tu.

Kosa jingine la vijana ni kasi ya sauti ndani ya chuma, ile unayoiweka kwenye mashine. Probu ya wima, weka mita 5,920 kwa sekunde. Ya pembe, 3,230 hivi. Ukisahau kubadili, kila namba inayotoka ni uongo, na skrini haikwambii. Kwa hiyo anza na kipande cha majaribio, ambacho vipimo vyake unavijua, kila mara.

Kupima urefu si kazi: sogeza probu kufuata weldi, mwangwi ukishuka nusu, yaani desibeli 6, tia chaki; fanya hivyo ncha zote mbili. Ufa mfupi sana utaonekana mrefu kuliko ulivyo, kwa sababu sauti yenyewe imetanuka.

Kina ndicho kinachotesa. Usikisie kwa ukubwa wa mwangwi, maana ufa mkubwa ulioinama vibaya hurudisha kidogo. Tafuta mwangwi mdogo wa ncha ya ufa, unaotangulia ule mkubwa wa kona, pale ufa unapokutana na uso wa chini wa bamba. Kwenye tishari lile, kwa njia ya mshazari ya sauti, kona ilisoma milimita 24, ncha 16. Kwa digrii 60 unagawa kwa mbili kupata kina: 12 na 8. Ufa ulikuwa umepanda milimita 4, theluthi ya bamba!

Wa kwenu umefunguka juu, kwa hiyo kama mnafika upande wa chini wa bamba, mpime kutokea huko. Mpaka hapo kreni isinyanyue kitu, hata kama bosi ana haraka. Ukipata unene na pembe ya probu, weka hapa tupige hesabu.