Faili zinazopakiwa zilivyoijaza diski ya seva yangu

Mwaka jana niliamshwa usiku kwa sababu mfumo wa chuo kimoja, niliouandika kwa lugha ya Go ili waombaji wapakie vyeti vyao, ulikuwa umeacha kupokea maombi. Diski ilikuwa imejaa. Nilipofungua /tmp, folda ya faili za muda, nilikuta mamia ya faili zenye majina yanayoanza na multipart-, zote zikiwa vyeti na picha za watu ambazo hazikupaswa kubaki pale baada ya ombi kushughulikiwa.

Kwanza, sikuwa nimeielewa ParseMultipartForm, amri ya Go inayosoma fomu yenye faili zilizopakiwa. Niliipa megabaiti 32 nikiamini kwamba faili yoyote inayozidi hapo itakataliwa, kumbe namba hiyo hupima tu kiasi cha faili kinachowekwa kwenye kumbukumbu (RAM), na kinachozidi huandikwa kwenye diski. Anayetaka kikomo cha kweli hana budi kuupitisha mwili wa ombi kwenye http.MaxBytesReader, inayokatiza usomaji baiti zikizidi kikomo, kabla hajasoma chochote.

Kosa la pili lilikuwa limejificha zaidi, na lilinichukua siku mbili kulipata. Seva ya Go hufuta yenyewe faili hizo za muda kazi inapokwisha, lakini hutazama ombi la asili peke yake; msimbo wangu wa kukagua utambulisho wa mtumiaji ulikuwa ukiita r.WithContext, ambayo hurudisha nakala ya ombi, na fomu ikawa inasomwa kwenye nakala hiyo ambayo seva haiijui. Ndiyo maana nakushauri uandike defer r.MultipartForm.RemoveAll(), yaani amri ya kufuta faili hizo kazi inapokwisha, mara tu fomu inapokwisha kusomwa salama, hata pale unapodhani haihitajiki.

Kwa faili kubwa sasa natumia MultipartReader, inayonipa sehemu moja baada ya nyingine kadiri zinavyofika. Kivinjari huzituma kwa mpangilio wa fomu, kwa hiyo namba ya mwombaji naiweka juu ya sehemu ya faili, la sivyo nitaanza kupokea cheti nisichojua ni cha nani. Jina la faili lililokuja na ombi silitumii kuhifadhia kamwe, na aina yake naikagua kwa baiti za mwanzo (PDF huanza na %PDF), kwa kuwa Content-Type ya sehemu hiyo, yaani maelezo ya aina ya data, huandikwa na anayetuma.

Ukikutana na kosa la kukosekana kwa boundary, yaani alama inayotenganisha sehemu za fomu, itazame programu ya simu inayotuma: mara nyingi mwandishi wake ameijaza Content-Type kwa mkono bila boundary, na dawa ni kuufuta mstari huo ili maktaba iuandike yenyewe.