Shangazi, napenda wadudu lakini sitaki udaktari

*Shikamoo Shangazi. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na nimefaulu vizuri. Nyumbani wameshaanza kuniita Daktari, lakini udaktari siutaki. Nilimuuguza bibi wodini miezi miwili, nikajua ile kazi siiwezi. Napenda wadudu. Tangu darasa la tatu nawaokota kwenye taa ya barazani na kuwatunza kwenye kopo la Blue Band. Baba anasema baiolojia bila udaktari ni kutupa ada. Niende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kile cha kilimo, Sokoine? – Binti wa Kilosa*

Marahaba mwanangu.

Mtoto anayeokota wadudu miaka yote hiyo bila kutumwa na mwalimu ameshajichagulia fani. Kilichobaki ni chuo, na baba.

Baba yako ana hofu, na hofu yake ina msingi. Ajira za baiolojia si nyingi, sitakudanganya. Lakini hata madaktari siku hizi wapo wanaosubiri ajira, na shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mzima wa mafunzo kazini, kwenye wodi zilezile zilizokushinda. Usiijaze ile fomu ili kumfurahisha mtu.

Akisema baiolojia haisaidii watu, mwonyeshe mkoa wenu wenyewe. Pale Sokoine, Morogoro, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Ifakara kuna watafiti wanaofuga mbu, wajue wanauma saa ngapi, wanajificha wapi na dawa gani haiwaui tena. Hiyo ni kazi ya watu wa wadudu, mwanangu. Watu wa kopo kama lako.

Kuhusu chuo, wengi hukimbilia jina. Wewe tazama idara. Dar es Salaam kuna zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, botania, na baiolojia molekuli. Wale vyura wadogo wa korongo la Kihansi, walipotoweka kwenye maporomoko yao, waliokolewa na kizazi kilichokuwa kikifugwa Marekani. Mwaka 2010 wakarudishwa na kutunzwa chuoni hapo, na 2012 wakaanza kuachiwa tena kwao. Kama kinachokuvuta ni kiumbe chenyewe, anaishije na kwa nini yuko pale tu, nenda Dar.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mimi ningekupeleka Sokoine. Kule mdudu anakuja pamoja na mkulima wake. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini 2017 wakala mahindi, aliyehitajika shambani ni mtu anayejua mdudu huyo anataga wapi na anakufa kwa nini. Ujuzi huo unatafutwa kwenye utafiti wa kilimo, kwenye ukaguzi wa mimea na viuatilifu, hata kwenye kampuni za mbegu.

Kabla ya kuomba, panda basi uende. Kilosa na Morogoro si mbali. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu. Waulize hadubini moja wanaitumia wangapi, fildi wanapelekwa wapi, na kama kila mmoja anafanya utafiti wake mwenyewe mwaka wa mwisho. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Binti wa kaka yangu alisoma botania. Likizo moja alinijia na mmea alioukausha mwenyewe, umebanwa kati ya kurasa za gazeti, na pembeni ameandika tarehe, kijiji na rangi ya ua kabla halijanyauka. Siku ile nikaacha kumuuliza atafanya kazi gani. Leo anakagua mbegu.

Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu, siyo wa dada yako, uone kila kozi inataka alama gani. Wa Bodi ya Mikopo pia, maana vipaumbele hubadilika. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, kumbuka kuthibitisha kimoja kabla muda haujafungwa.

Na baba usimkabili peke yako. Mtafute baba mdogo au shangazi yako wa damu, yule ambaye baba humsikiliza, akae nanyi jioni baada ya chakula. Mweleze habari za wodini kama ulivyonieleza mimi, kisha umletee kopo alione.